Mchezo wa Vita Uliokupa Jina

Migori, Jumamosi mchana

Owuor mwanangu,

Hali yako siiulizi, kwa sababu asubuhi nimekuona kwa macho yangu ukimaliza sufuria ya nyoyo, yale mahindi na maharage, ukiwa umesimama, viatu miguuni, huku baba yako akipiga kelele kwamba gari la Karungu halingoji mtu. Umeenda kumuaga dani, bibi yako. Stima imepotea mjini, mashine za duka langu la kuchapisha zimenyamaza, na wateja wanachungulia mlangoni, wakiona giza wanaenda zao. Nimeona nitumie utulivu huu kukuandikia, maana kesho ukipanda basi la Nairobi mimi nitakuwa nalia na sitasema kitu cha maana.

Mambo ya koti la baridi, ya pasipoti, ya mtu wa kumpigia ukifika, hayo baba yako ameyarudia mpaka umeyakariri. Mimi nayaacha. Unaenda Ujerumani kusomea uuguzi, wewe ni mtu mzima, utakula utakachokikuta na utalala ukichoka.

Nataka kukueleza jina lako lilitoka wapi. Nusu unaijua. Unajua uliitwa kwa babu wa babu yako, yule Owuor aliyechukuliwa kubeba mizigo ya Waingereza katika vita vya kwanza vya dunia, akavuka nayo mpaka kwenda upande wa Mjerumani, Tanzania ya leo, asirudi. Nusu ya pili hatujakuambia vizuri kwa sababu inahusu mchezo wangu, na tangu tulipogombana juu ya huo mchezo, mimi na wewe tumekuwa tukiupita kama watu wanaopita mbwa aliyelala.

Nilianza kabla hujazaliwa. Nilikuwa nimeajiriwa katika duka la kuchapisha Homa Bay, nimeolewa na baba yako mwaka huohuo. Akaja mhandisi wa barabara, Mutua, mtu wa Machakos, na diski mkononi. Alitaka nimchapishie kwenye karatasi ngumu. Ukurasa wa kwanza ulitoka na vyumba vya pembe sita vimejaa karatasi nzima, kama sega la asali. Nikamuuliza kama anafuga nyuki.

Alicheka mpaka akashika meza. “Hii ni vita, dada. Vita vya zamani vya Ulaya. Hii ni ramani, hivi vidogo ni majeshi. Watu wawili wanakaa, kila mmoja ni jenerali, wanaona kama mambo yangeweza kwenda tofauti.”

“Na nani anatengeneza?”

“Watu tu. Mwalimu, fundi, mtu wa benki. Akitoka kazini anasoma historia, anachora ramani, anakata vipande, anaandika kanuni. Ni kama wengine wanavyolima maua.”

Alinifundisha saa za chakula cha mchana, juu ya kaunta, huku nikihudumia wateja. Sikujali sana hao majenerali. Ramani ndiyo iliyonishika. Mimi ni mtoto wa Isebania, unajua. Mjomba wangu alikuwa Sirare, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, na nilipokuwa mdogo nilidhani ule mstari kwenye kitabu cha jiografia uko ardhini kweli, nikawa nautafuta nikienda kwake. Kumbe mtu alikaa mahali akauchora. Sasa huyu Mutua ananiambia hata mimi naweza kukaa nikachora.

“Hapa kwenu hakujapiganwa vita?” akaniuliza siku moja.

Nikakumbuka maneno ya baba yako, kwamba kwao Karungu Mwingereza na Mjerumani waliwahi kufukuzana ufuoni, na babu yake mkubwa alipotelea humo. Nikamwambia, “Vimepiganwa. Lakini havikuwa vyetu.”

“Hivyohivyo. Tengeneza.”

Basi nikatengeneza. Nilisoma vitabu nilivyopata kwenye maktaba, nikawasumbua walimu wa historia. Nilichora kuanzia mpakani mpaka Kendu Bay, ziwa upande mmoja, milima ya Kisii upande mwingine. Vipande nilikata kwenye migongo ya kalenda kuukuu. Nilikuwa na meli za ziwani, nilikuwa na bunduki kubwa, nilikuwa na mito inayojaa mvua ikinyesha. Nilifurahi, Owuor, siwezi kukudanganya. Nilikuwa napika huku nawaza kama meli ifike Karungu au ipite moja kwa moja.

Mutua alipoujaribu aliona kasoro mara moja. “Majeshi yako yanatembea hewani,” akasema. “Yanakula nini? Nani anabeba risasi?” Kwa hiyo nikakata vipande vidogo vya kahawia. Vilikuwa vya wapagazi. Havikuwa na alama yoyote. Jeshi likitaka kwenda haraka, au kuvuka mto uliojaa, unatoa kipande kimoja cha kahawia unakitupa kwenye boksi. Tulikuwa na neno letu la kufanya hivyo. Tulisema kuchoma. “Nachoma mmoja, navuka.” Mchezo ukawa mtamu sana. Nilijiona fundi.

Desemba tukaenda Karungu, mimi na mimba yako imeanza kuonekana. Lazima nikuambie jinsi mimi na dani tulivyokuwa, kwa sababu wewe umetukuta tunacheka pamoja. Hakunitaka. Aliniita nyar Kuria, binti wa Wakuria, kama vile sikuwa na jina, na aliniongelesha Kiswahili kile watu wanachotumia na askari na wenye maduka. Chakula alinipa, maji ya kuoga alinipa. Neno la ziada hakunipa.

Alasiri moja mimi na baba yako tulitandaza mchezo barazani. Dani alikuwa ameketi na ungo wake akibambua njugu. Baba yako alikuwa Mwingereza na mambo yalikuwa yanamwendea vibaya, akashika kipande cha kahawia, akasema kwa sauti, “Nachoma wawili, nakufuata mpaka ng'ambo.”

Mikono ya dani ikasimama. “Mnachoma nani?”

“Ni mchezo tu, mama,” baba yako akamwambia. “Ni vile vita vya Mjerumani.”

Akaweka ungo chini, akaja akainama juu ya ramani. Alionyeshwa ziwa akalitambua, akaonyeshwa Karungu, akaonyeshwa mpaka. Alielewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi. Kisha akaninyooshea kidole, si baba yako, mimi.

“Nyar Kuria. Owuor yuko wapi hapa?”

Niliangalia lile boksi la vipande vilivyochomwa. Nikasema pengine ni mmoja wa wale wa kahawia.

“Yupi?”

“Sijui, mama. Havina majina.”

Alirudi kwenye njugu zake. Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Baba yako alikunja ramani, na mimi nikaenda kukaa nyuma ya jiko nikijiambia kwamba katika nyumba hii sasa nimejiharibia kabisa.

Asubuhi alinikuta nikifagia. Akaniuliza, “Hivyo vitu vyako, unaweza kuandika jina?”

“Naweza.”

“Andika.”

Niliandika OWUOR kwa kalamu nyeusi kwenye kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Yeye hasomi, lakini alikishika akakigeuza huku na huku kama mtu anayekagua mbegu. “Hakwenda peke yake,” akasema. “Walichukuliwa wengi. Vaa viatu.”

Tulizunguka Karungu nzima, mwanangu, yeye mbele na mimi nyuma na tumbo langu. Tuliingia nyumba za wavuvi na za wakulima, na kila mahali alianza kwa kusema, “Huyu ni mke wa mwanangu Okoth, anauliza watu waliokwenda na mizigo.” Hakusema nyar Kuria. Mzee mmoja alitutajia ndugu wawili wa baba yake. Mwingine alisimulia kwamba bibi yake alikuwa anamwekea mumewe ugali kwenye chungu kila jioni, mpaka watoto wakawa wanauiba na yeye akifikiri amerudi amekula. Kila jina niliandika kwenye kipande palepale, na mwenye nyumba akakishika kwanza kabla sijakitia mfukoni.

Kulikuwa na mama mmoja mzee sana ambaye alikataa. Ni baba yake aliyekwenda, akiwa yeye tumboni. Alinitazama tumbo, akasema kwa Kijaluo, dani akanitafsiria: “Ukimwandika, amekufa.” Tukamuaga tukatoka.

Njiani dani alitembea haraka mpaka tulipofika karibu na shule. Kisha akasema, “Hata sisi hatujamzika. Mzee wangu alikataa. Alisema babu yake atarudi, hata kama ni mifupa. Mzee amekufa akingoja.”

Unajua desturi yetu hapa. Mtu akifia mbali na mwili usipatikane, linatafutwa tunda la yago, lile refu kama mkono wa mtu, linazikwa mahali pake. Kwa Owuor hawakuzika hata yago. Na kwa sababu hakuzikwa, hakuna mtoto aliyeweza kuitwa kwake. Huwezi kumpa mtoto jina la mtu ambaye labda yuko njiani anarudi.

Dani aliitisha wakubwa wa boma. Walibishana. Mmoja alisema mambo haya yamepitwa na wakati, mwingine akasema ni huyu mke Mkuria ameleta haya kwa karatasi zake. Dani akawaambia, “Karatasi zake zimeuliza alipo mtu wetu. Ninyi mmewahi kuuliza?” Yago likaviringishwa blanketi, likazikwa upande wa kulia wa lango. Katekista alikuja akaomba sala ndefu ya marehemu, akawa mwangalifu asiulize ndani ya blanketi kuna nini. Mimi niliambiwa nisimame mbali kwa ajili ya mimba. Niliona migongo tu, na nikasikia dani akilia kilio cha mtu aliyefiwa leo, kumlilia mtu ambaye hakuwahi kumwona.

Wewe ulizaliwa saa sita mchana, jua kali. Owuor ni jina la mtoto wa usiku, kila mtu pale hospitali alilisema hilo. Dani alikuja na basi la kwanza kutoka Karungu, akakuchukua, akakufunua uso, akasema “Owuor,” basi. Kisha akaniuliza kama nimekula. Akaniuliza kwa Kijaluo, na mimi nikajibu kwa Kijaluo kibaya, akacheka.

Hivyo ndivyo ulivyopata jina. Sasa nikuambie nilivyouharibu mchezo, kwa sababu na hilo limo.

Baada ya kutoka Karungu nilikuwa nimejaa yale majina. Niliona kila mtu lazima ahisi nilichohisi. Nikaandika kanuni mpya. Ukimpoteza mpagazi, usimame, utaje jina lake na kijiji chake, na mwenzako anyamaze. Mwisho wa mchezo, kabla ya kujua nani ameshinda, wachezaji wote wasome majina yote. Nilimtumia Mutua, wakati huo amehamishiwa Kitui. Akanipigia simu. “Robi,” akasema, “umenikalisha kanisani.” Nilikasirika, nikamkatia simu. Nikawaita walimu wawili wa Homa Bay waujaribu. Walisimama mara mbili tatu, wakataja majina kama wanafunzi wanaojibu rejista, kisha nikawaona wanachezesha vipande vyao kwa uangalifu ili wasilazimike kusimama. Mmoja alipiga miayo kwenye jina la mtu ambaye mkewe alimwekea ugali kwenye chungu. Nilitaka kumpiga.

Niliuweka mchezo juu ya kabati kwa hasira, ukakaa huko muda mrefu. Nilipoushusha, wewe ulikuwa unatambaa. Nikafuta zile kanuni zote. Niliacha majina tu kwenye vipande, sikuandika neno lolote la kumwambia mtu ayafanyie nini.

Nikawaita walimu walewale. Walicheza vizuri, kwa kelele, wakitaniana. Katikati, yule wa miayo, Oyugi, alikuwa ameushika mchezo kabisa, alihitaji kuvuka mto mara moja tu aumalize. Akachukua kipande cha kahawia, akakitupia jicho, akakirudisha. Akachukua tena.

“Ojwang',” akasema. “Huyu alitoka Karungu?”

Nikamwambia ndiyo, nikamtajia nyumba.

“Hao ni wajomba zangu. Mama yangu ametoka nyumba hiyo.”

“Basi mchome mwingine,” mwenzake akamwambia.

Oyugi akakiangalia kingine, akasoma jina. Akaangalia cha tatu. Kisha akasema, “Sivuki,” akakaa upande wake wa mto mpaka akashindwa. Alipokuwa anaondoka aliniomba nimweleze tena njia ya kufika kwenye ile nyumba.

Mimi sikuwa nimemwambia afanye vile. Ndilo jambo kubwa nililojifunza katika kazi hii isiyonilipa, na ilinichukua miaka kulitumia kwako. Kwako niliendelea kuandika kanuni. Ulipokuwa mdogo tulicheza, wewe siku zote Mjerumani kwa sababu ulipenda rangi yake, na nilikuwa nageuza dadu kwa kidole ili ushinde. Siku moja uliniona. Ulisema, “Mama, usinichezee,” ukatoka nje, na ulikuwa darasa la nne tu. Baadaye nikaamua kwamba utarithi mchezo, utachora ramani za upande wa Tanzania, tutaweka majina yetu wawili kwenye boksi. Nilikununulia rula na kalamu za wino. Wewe ulikuwa unasoma jinsi figo inavyosafisha damu.

Ugomvi wetu unaukumbuka. Ulisema, “Mama, mimi sitaki kutengeneza vita. Nataka kutibu watu.” Na mimi nikasema, “Nani amekuambia mimi natengeneza vita?” Nikaongeza mengine ambayo siyarudii. Nilikuwa nimeumia kwa sababu nilijua kuna ukweli kidogo. Napenda yale mambo ya meli ifike wapi. Bado nayapenda. Ninaweza kumlilia Owuor wa kwanza asubuhi na mchana nikafurahia namna jeshi lilivyozungukwa. Sijui hayo mawili yanakaaje ndani ya mtu mmoja, lakini yanakaa, na sitaki uende ukifikiri mama yako hajawahi kujiuliza.

Sasa nije kwenye lile la dani. Uliposema umepata nafasi Ujerumani, wewe ulicheka aliposema, “Mjerumani tena?” Ulidhani ni utani wa bibi. Mimi nilimwona uso. Tangu siku ile alikuwa hapokei simu yako, ukaambiwa mara amelala, mara yuko shamba. Alikuwa ameketi palepale barazani anakataa kuongea na wewe. Aliogopa akikuaga utakuwa umeenda kweli.

Wiki iliyopita nilikuambia naenda Kisii kununua wino. Nilienda Karungu. Nilimkuta yuko peke yake. Akaniambia, “Nyar Kuria, umekuja kunishawishi.” Siku hizi akiniita hivyo ni kwa mapenzi, lakini siku ile haikuwa hivyo.

Nikamwambia nimekuja kukaa tu. Tukakaa. Mwishowe akasema, “Nilikuwa nimemrudisha. Jina lilikuwa limerudi nyumbani, linatembea, linakula. Sasa linaenda kulekule.”

“Si kulekule, mama. Na hakuna aliyemchukua. Ameomba mwenyewe.”

“Nani alimuuliza kama anataka?”

“Mimi nilimuuliza. Nilimuuliza mpaka akachoka.”

“Akasema?”

“Akasema anataka kuwahudumia wagonjwa, na kwamba huko watamfundisha na kumlipa. Akasema atarudi.”

“Hata yule angesema hivyo,” dani akajibu, “kama angepewa nafasi ya kusema.” Akavuta ungo wake karibu. Kisha: “Hakuaga, unajua? Alishikwa sokoni. Watu walisikia kwa wengine.”

Nilitaka kumwambia mambo mengi, nilikuwa nimeyapanga njiani. Sikusema hata moja. Nilimwambia tu kwamba Jumamosi utakuja kama anataka kukuona, na kama hataki hutalazimisha. Alinisindikiza mpaka barabarani, mkono wake ukiwa kwenye kiwiko changu, na gari lilipokuja akasema, “Anapenda samaki wa kukaanga au wa mchuzi siku hizi?” Sikukuambia. Niliogopa atabadilisha mawazo, uende ukute mlango umefungwa.

Nilikuwa nimefika hapa simu ikalia. Ni yeye, amepiga kwa simu ya jirani, sauti juu kama kawaida yake, anadhani Migori ni mbali inabidi apaze.

“Amefika. Amekula. Amelala kwenye kiti kama mzee.”

“Mmeongea, mama?”

“Tumeongea. Amenieleza ndege inapita wapi. Sijaelewa, lakini amenieleza mpaka mwisho.” Kisha sauti yake ikashuka, mara ya kwanza namsikia akiongea chini kwenye simu. “Nimemwambia mzigo ukimzidi huko, autue. Auweke chini hapohapo arudi, hakuna mtu hapa atamuuliza umeuacha wapi. Nimemwambia vizuri, nyar Kuria? Nimetumia Kiswahili, ile lugha yenu ya nyumbani, ili asikose neno. Kilikuwa sawa?”

Kilikuwa sawa, Owuor. Mimi sina la kuongeza juu yake.

Stima imerudi, na kuna kijana mlangoni anataka kuchapisha. Rudi salama jioni; nitakupigia simu umwambie dereva akushushe hapa dukani, tutatembea pamoja kwenda nyumbani, na barua hii utaifungua kesho ndani ya basi.

Mama yako,
Robi